Shajara ya mradi: kutathmini gemu za risasi za mtindo wa kizamani na gemu za bure za familia

11 Januari 2025: Tunachotaka kufanya

Mradi ni mdogo. Tunachagua gemu za miaka ya karibuni, tunazicheza hadi tuzijue, kisha tunaandika tathmini fupi ambayo mtu ataisoma kabla hajamaliza bando lake kwa kupakua kitu asichokitaka. Tumechukua ncha mbili. Upande mmoja kuna gemu za risasi zinazoiga zile za miaka ya 1990: picha za vipande vikubwa, mbio muda wote, funguo za rangi, kuta zenye siri. Upande wa pili kuna gemu za bure ambazo familia nzima inaweza kuzicheza bila mtu kumfumba mtoto macho.

Tumezichagua ncha hizi kwa kuwa ndizo zinazoandikiwa vibaya zaidi. Gemu za kizamani husifiwa kwa kumbukumbu za utotoni za mwandishi. Za bure husamehewa kila kitu kwa kuwa hazikulipiwa.

Orodha ya kwanza upande wa risasi: Dusk (2018), Ultrakill (toleo la awali, yaani inauzwa kabla haijakamilika, tangu 2020), Boltgun (2023), Selaco (toleo la awali tangu 2024) na Doom + Doom II, gemu mbili za miaka ya 1990 zilizokarabatiwa pamoja mwaka 2024. Dusk imeshakula miaka, lakini ndiyo tunayopimia nyingine. Upande wa bure: Rocket League, Fall Guys, SuperTuxKart na Chex Quest HD.

Kanuni za kuanzia: kompyuta ya kawaida, mipangilio ileile gemu inayokuja nayo, ugumu wa kati, alama 100 zinazogawanywa kwa picha, sauti, uchezaji, hadithi na thamani. Anayetaka kuiga asizinakili kanuni hizi. Nyingi zinakufa huko mbele.

26 Januari: Alama 100 zimetushinda

Dusk inakuanzisha kwenye chumba cha chini, mundu mbili mikononi, na watu watatu wenye misumeno ya injini wanakujia. Hakuna maelezo wala filamu ya utangulizi. Kwa jedwali letu ikapata alama duni za picha, kwa sababu nyuso zake ni pembe tupu na kuta zake zina rangi ya tope. Tulipoitazama tena video tukaona tope hilo lina kazi. Adui yuko mwisho wa ukumbi, wewe unakimbia kinyumenyume, na bado unamtambua kwa umbo lake tu. Zipo gemu za kifahari ambazo adui anapotea kwenye majani hadi watengenezaji wamchoree mstari mwekundu pembeni.

Upande wa thamani ukawa kichekesho. Gemu ya bure inavuna alama zote za thamani kabla hujaifungua. Fall Guys ikamaliza juu ya Dusk, na mimi na mwenzangu tukatazamana.

Tukajaribu kubadilisha uzito: picha ipungue, uchezaji uongezwe, thamani ihesabiwe kwa saa. Kila tulipobadilisha, matokeo yalisogea karibu na jibu tulilokuwa nalo kichwani tangu mwanzo. Kipimo unachokivuta hadi kikubaliane nawe kina faida gani?

Namba zimefutwa. Kila tathmini sasa inajibu maswali: gemu inakudai nini dakika hadi dakika, inakulipa nini, inachoshea wapi, na nani asiiguse. Wakubwa nao hawajamaliza ubishi huu. Eurogamer, tovuti ya tathmini za gemu, waliacha alama mwaka 2015, wakarudi na nyota tano mwaka 2023. Huenda nasi tutarudi, ila si leo.

Gharama: tathmini zote za mwanzo zimeandikwa upya.

9 Februari: Kurekodi

Tunatumia OBS Studio, ambayo ni programu huria ya kurekodi skrini. Mwanzoni tulirekodi kwa faili la aina ya MP4. Kompyuta ikazima katikati ya pambano refu, na faili likakataa kufunguka kabisa, kwa sababu MP4 ya kawaida huandika kielekezi chake mwishoni, kurekodi kunapofungwa. Sasa tunarekodi kwa MKV, aina nyingine ya faili. Kurekodi kukikatika, kilichokwisha kuandikwa kinabaki. Baadaye OBS yenyewe inaigeuza kuwa MP4 bila kuharibu ubora, na kazi hiyo ni ya muda mfupi tu.

Nafasi kwenye diski: kwa megabiti 20 kwa sekunde, saa moja ya video inakula gigabaiti 9 hivi. Tunakata vipande tunavyovihitaji siku hiyohiyo na kufuta kilichobaki. Ukisema utakata kesho, diski itajaa kesho.

Kuhusu ulaini wa picha, wastani wa fremu (picha mojamoja zinazounda mwendo) kwa sekunde tumeuacha. Gemu inayokwenda fremu 60 inachora kila fremu kwa milisekunde 16.7. Ikiganda mara moja kwa milisekunde 100, wastani wa dakika nzima hausemi chochote, lakini wewe umeshapigwa. Tunaandika hali ya asilimia 1 ya fremu zilizochelewa kuliko zote. Vilevile tunarudia hatua ya kwanza, maana gemu nyingi huganda pale kadi ya michoro inapoandaa vivuli na milipuko kwa mara ya kwanza, kisha zinatulia. Tunaandika hali zote mbili. Mchezaji wa siku ya kwanza anakutana na ile mbaya.

1 Machi: Kichefuchefu

Mwenzangu alishindwa kumaliza hatua ya pili ya gemu moja ya risasi. Jasho la baridi, macho yamefumbwa, kiti kimesukumwa nyuma. Si mtu wa kulalamika, kwa hiyo tukaacha kila kitu tukatafuta sababu.

Ilikuwa upana wa uoni. Gemu zilizopangwa kwa televisheni iliyo mbali huonyesha kipande chembamba cha dunia. Mtu aliyekaa karibu na skrini ya kompyuta, anayekimbia kwa kasi ya gemu hizi, ubongo wake unapata taarifa mbili zisizokubaliana: macho yanasema anaruka, masikio yanasema amekaa. Tukapandisha uoni hadi kati ya nyuzi 90 na 100, tukazima kutikisika kwa kichwa na ukungu wa mwendo. Akacheza jioni nzima.

Hapo ndipo ilipokufa kanuni ya kutumia mipangilio ya mwanzo peke yake. Sasa tunacheza kwanza jinsi gemu ilivyokuja na kuandika hali ilivyokuwa, kisha tunarekebisha na kutaja tulichogusa. Gemu isiyokuruhusu kubadilisha upana wa uoni inaonywa aya ya kwanza, hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Ultrakill na Dusk zina menyu pana za mambo haya, na hilo ni sehemu ya ubora wake.

22 Machi: Pikseli za Doom si mraba

Picha zetu za Doom zilikuwa na kasoro tusiyoipatia jina. Kila kitu kilionekana kimebonyezwa kidogo. Tukaikuza sura ya yule askari iliyopo katikati ya upau wa chini, ile inayotoka damu afya ikipungua na kutupa macho kushoto na kulia. Kwenye picha zetu mashavu yalikuwa yamevimba na paji la uso limekuwa fupi.

Doom ya 1993 ilichorwa kwa pikseli (nukta za picha) 320 kwa 200, lakini skrini za wakati ule zilikuwa na uwiano wa 4:3. Skrini ilizivuta pikseli kwenda juu, kila moja ikawa ndefu kuliko upana wake kwa moja ya tano. Wachoraji walichora wakilijua hilo. Ukiinasa picha ghafi pikseli zikiwa mraba, unapata Doom iliyokaliwa. Suluhisho: nasa kinachoonekana kwenye skrini baada ya gemu kurekebisha uwiano, au vuta urefu kwa 1.2 ukiwa unahariri. Wanaoandika kuhusu gemu za zamani waliangalie hili, maana picha zilizobonyezwa zimezagaa kila mahali.

Gemu yenyewe, Doom + Doom II, ilitoka 8 Agosti 2024, na waliokuwa na matoleo ya zamani ya duka lilelile waliipata bure. Ya asili ilikuwa na kikomo cha fremu 35 kwa sekunde. Hii inakwenda laini bila kubadilisha kasi ya mapigano. Ndani yake kuna Legacy of Rust, sehemu mpya kabisa yenye silaha zake na maadui wake, na mlango wa kuingilia ramani zilizotengenezwa na wachezaji. Legacy of Rust si ya kuanzia. Imetengenezwa kwa watu ambao vidole vyao vinaijua Doom, na inakuwekea umati pale ambapo gemu ya asili ingekuwekea mmoja. Anayeanza aingie kwa mlango wa 1993, ambao bado haujachakaa.

6 Aprili: Saa ya kwanza inadanganya

Haya ndiyo yaliyobadilisha mradi wote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Doom ilienea kwa mtindo wa kugawa: sehemu ya kwanza bure, mnakiliane, mpeane, na anayetaka zilizobaki aagize kwa pesa. Sehemu ya bure ilikuwa tangazo, na ramani zake nyingi ni kazi ya John Romero, mmoja wa watengenezaji wa Doom. Ukizicheza leo utaona zimepangwa kwa uangalifu ambao sehemu za mbele hazina kila mara. Gemu zinazoiga enzi hiyo zimerithi funguo za rangi, zimerithi siri, na nyingi zimerithi hili pia: mwanzo mkali, katikati kulegea.

Leo hakuna disketi, ila Steam, duka la gemu la mtandaoni, inarudisha pesa kama hujapita siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa mbili. Sisemi kuna anayetengeneza gemu kwa kuitazama saa hiyo. Nasema mkaguzi anayeishia hapo amekagua sehemu iliyopigwa rangi zaidi.

Boltgun ilitufundisha hili kwa vitendo. Saa ya kwanza ni raha tupu: nyayo nzito za askari wa chuma, bunduki inayopasua, na kitufe maalumu ambacho kazi yake ni kutukana adui tu. Kitufe hicho hakiongezi chochote, na tulikibonyeza mno. Lakini kadiri unavyosonga, vyumba vinaanza kufanana: mlango unafungwa nyuma yako, mawimbi yanakuja, mlango unafunguliwa. Rasimu yetu ya saa ya kwanza ilikuwa sifa mtindo mmoja. Ya baadaye ina ushauri: icheze hatua moja kwa siku, usiimeze yote wikendi moja.

Ultrakill inakwenda kinyume. Mwanzoni ni vurugu usiyoielewa. Afya unaipata kwa damu ya adui, na damu inakufikia ukiwa karibu naye tu, kwa hiyo pale mwili unapotaka kukimbia ndipo gemu inapokutaka usogee. Ikishakuingia hilo, kila silaha inageuka: sarafu inarushwa hewani na kupigwa risasi ili risasi ikengeuke, ngumi inarudisha kombora lilikotoka. Rasimu ya saa ya kwanza ilisema gemu hii ina fujo. Aibu.

Dusk nayo inapanda. Sehemu yake ya tatu, ambako majengo yanaacha kufuata akili ya kawaida, ndiyo bora. Selaco inatembea juu ya GZDoom, injini (programu ya msingi inayoendesha gemu) iliyokua kutoka msimbo wa Doom ambao id Software, watengenezaji wake, waliufungua mwaka 1997, na bado maadui wake wanaitana, wanazunguka nyuma yako, wanakutoa ulikojificha. Huwezi kuyaona hayo kwenye hatua ya kufundishia.

Gemu za bure zina saa ya kwanza ya uongo wa aina nyingine. Doom ilikupa kipande bure na ikakuuzia kilichobaki mara moja, mkamalizana. Gemu ya bure ya leo inakupa yote, na kuuza hakuishi. Siku ya kwanza zawadi zinamwagika: sanduku, kofia, nyota, sanduku jingine. Wiki ya pili zawadi zinakauka na tiketi ya msimu, ile yenye zawadi za muda maalumu, inaanza kukukumbusha siku zilizobaki. Aliyekagua siku ya kwanza amekagua karamu ya kukaribishwa.

Utaratibu mpya: haiandikwi tathmini kabla ya kufika katikati. Kila gemu inapata vikao vitatu: mwanzoni, katikati, na mara moja tena baada ya kuachwa wiki nzima bila kuguswa. Huko kurudi kunatufunulia mambo kuliko tulivyotarajia. Kwa gemu ya risasi tunauliza kama mikono inakumbuka na kama inataka. Kwa gemu ya bure tunasoma neno la kwanza inalotuambia tukifungua. Nyingine inasema cheza. Nyingine inakuorodheshea ulichokikosa.

Gharama: kila gemu sasa inachukua wiki kadhaa, na tunakwenda gemu nne kwa pamoja ili tusikwame.

3 Mei: Mtoto na kitufe cha njano

Gemu ya familia haiwezi kukaguliwa na watu wazima peke yao. Tumemwomba mpwa wangu, aliye darasa la pili na bado hasomi Kiingereza, atusaidie Jumamosi, mama yake akiwapo.

Gemu moja ya bure, ambayo siitaji, ilimtoa raundi ya kwanza. Kabla hajaelewa kuwa ametolewa, skrini ikajaa mavazi. Chini kulia kulikuwa na kitufe kikubwa cha njano kinachopumua, kinavimba na kunywea. Kitufe cha kurudi kilikuwa kijivu, kidogo, juu kushoto.

“Mjomba, hapa wameandika nini?”

“Wanauza hiyo kofia.”

“Mimi nimeshabonyeza.”

Skrini ikaomba namba ya kadi. Hatukuwa tumeunganisha yoyote, ikaishia hapo. Lakini yeye hakufanya kosa. Kila kitufe cha njano alichokuwa amebonyeza kabla ya hapo kilimpeleka kwenye kucheza. Asiyesoma maneno husoma rangi, na rangi ilimwambia endelea.

Jambo hili lina historia. Desemba 2022, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza makubaliano ya dola milioni 520 na kampuni ya Epic Games kuhusu gemu yake ya Fortnite: milioni 275 kwa ukiukaji wa sheria ya faragha ya watoto, na milioni 245 za kuwarudishia watu pesa kwa mpangilio wa vitufe ambao, kwa maelezo ya tume, uliwafanya wachezaji wakatwe pesa kwa mbonyezo mmoja wasioukusudia.

Lebo za umri zinasaidia nusu. PEGI ya Ulaya na ESRB ya Marekani zote zimekuwa zikionyesha tangu 2018 kwamba gemu ina ununuzi ndani yake, na 2020 ESRB wakaongeza onyo la vitu vya kubahatisha, yaani unalipa bila kujua utapata nini. Lebo inakwambia duka lipo. Haikwambii duka linakuvamia mara ngapi. Kwa hiyo tunahesabu sisi: kutoka kuwasha gemu hadi kuanza kucheza kuna vibonyezo vingapi, na vingapi kati yake vinakupitisha dukani. Hesabu inafanywa siku ya kwanza na ile siku ya kurudi, kisha zote mbili zinachapishwa.

Tathmini kwa ufupi. Rocket League, bure tangu Septemba 2020, ni mpira unaochezwa kwa magari, mechi dakika tano. Mtoto anaielewa kwa kutazama na anaishindwa kwa mikono, jambo linaloumiza mwanzoni. Masanduku ya kubahatisha yalishaondolewa Desemba 2019. Zima gumzo la maandishi kabla hujampa padi. Fall Guys, bure tangu Juni 2022, ni kinyume chake: kuanguka ndiko kunakochekesha, hivyo anayeshindwa anapata burudani sawa na anayeshinda, lakini utahitaji akaunti na utalipita duka. SuperTuxKart haina cha kuuza kabisa. Mashindano ya magari madogo, madereva wakiwa vinyago vya miradi ya programu huria kama Tux wa Linux na Wilber wa GIMP, skrini inagawanywa na intaneti haihitajiki. Kona zake hazina utamu wa gemu za konsoli, na baadhi ya njia zinaonekana wazi kuwa ni za umri mkubwa. Mpwa alitumia nusu ya muda akiendesha kinyume ili atugonge. Ndiyo aliyoiulizia alipokuja tena.

25 Mei: Haikufunguka

Doom: The Dark Ages ilitoka 15 Mei. Inahitaji kadi ya michoro yenye uwezo wa kufuatisha miale ya mwanga, na kompyuta yetu haina. Hakuna mpangilio wa kulikwepa hilo. Haitaingia kwenye orodha, na tangu leo mstari wa kwanza wa kila tathmini unataja mashine inayohitajika na mashine tuliyotumia. Kuazima kompyuta ya mtu kwa wiki kadhaa tumekataa. Gharama ya urafiki nayo inahesabika.

21 Juni: Chex Quest HD, na kiolezo cha sasa

Hii tuliiacha mwisho kwa kuwa inakaa pande zote mbili. Chex Quest ya 1996 ilikuwa CD iliyotiwa ndani ya maboksi ya nafaka za kiamshakinywa: Doom iliyovishwa nguo za watoto, ambamo viumbe vya kamasi haviuawi bali vinarudishwa kwao kwa mwanga. Chex Quest HD ilitoka 2020, bure kwenye Steam, haina duka ndani. Ni fupi, maadui wake ni wepesi, na mtu mzima atachoka mapema. Kwa mtoto ni mahali pazuri pa kujifunza kutembea na kulenga kwa wakati mmoja, kazi ambayo sisi tumesahau ilivyo ngumu. Mpwa alitembea ukutani kwa muda mrefu. Tukampunguzia kasi ya maus karibu nusu, akatoka.

Anayetaka kuiga mradi achukue utaratibu huu: mstari wa mashine juu kabisa, kisha hali ya mipangilio ya mwanzo na tulichobadilisha, kisha vikao vitatu vikiwa na aya zake bila kuchanganywa, kisha hesabu ya vibonyezo kwa gemu za bure, na mwisho nani asiiguse. Kwa Ultrakill na Selaco, ambazo bado zinajengwa, andika namba ya toleo na tarehe uliyocheza. Tathmini ya Selaco ya mwezi wa nne tayari ina sentensi zinazohitaji kukaguliwa upya.

Zinazofuata ni GCompris, mkusanyiko wa shughuli zaidi ya 100 za watoto wadogo, na Luanti, jukwaa la kuchezea gemu, iliyoitwa Minetest hadi Oktoba 2024. Ya pili itatusumbua, maana bila gemu unazoipakulia juu yake haina kitu cha kukagua, na bado hatujakubaliana tupakue ipi kwanza.